Aliyeshika Ncha ya Pili ya Kamba

Tobias Kipngetich arap Mutai alikuwa mwana wa Kimutai arap Sigei, mzee wa kanisa wa kwanza katika upande wao wa Bureti, mtu aliyekataa kuwa chifu kwa sababu hakutaka kula kiapo kwa jina la mfalme asiyemfahamu. Kimutai naye alikuwa mwana wa Kipsigei, ambaye watu waliokosana juu ya mipaka ya malisho walimwita aje asimame kati yao, na pale aliposimama ndipo mpaka ulipopita. Hakuna katika ukoo huo aliyewahi kushtakiwa kwa wizi, hakuna aliyemfukuza mgeni, hakuna aliyeonekana akipepesuka njiani. Na walikuwa warefu. Milango ya nyumba zao ilikatwa juu kuliko ya majirani, hata mgeni akiingia alijiona kama mtoto aliyeingia kanisani.

Mzee Tobias aliyafikiria haya yote siku alipofika Wheaton, mji ulio karibu na Washington, mwezi wa Mei mwaka 1998, akaona mjukuu wake akiinama ili apite katika mlango wa Waamerika.

Mjukuu huyo alikuwa Aaron, mtoto wa binti yake Lorraine, aliyekuwa akifanya kazi ya kuwatunza wazee katika nyumba yao ya malezi. Aaron aliletwa Amerika akiwa bado anang'oka meno ya utoto. Sasa alikuwa na futi saba na inchi tatu, na alikuwa akimaliza masomo ya chuo, akicheza mpira wa kikapu katika nafasi ya katikati, ile ya kusimama chini ya kikapu na kuwazuia wengine wasipite. Mwishoni mwa Juni timu za kulipwa zingekaa kuteua vijana wapya, na magazeti ya Washington yalikuwa yakibishana juu yake. Moja lilisema ni mwembamba mno, atasukumwa kama pazia. Lingine lilisema mikono ya namna ile haifundishwi, mtu huzaliwa nayo, na timu itakayompita itajuta. Mzee aliyakata maneno hayo ya pili kwa mkasi na kuyaweka ndani ya Biblia yake, akayaacha ya kwanza kwenye meza.

Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu. Viatu vyake viling'aa hata pale asipotarajia kutoka. Katika shule yake hapakuwa na mtoto aliyethubutu kusema kwamba ameona marehemu mtoni au amesikia jina lake likiitwa na asiyeonekana. Aliyethubutu alichapwa, kisha akaandikishwa maana ya neno "akili". Kwa hiyo hakumweleza mtu yeyote lililomsumbua tangu wiki ya kwanza.

Lilianza na kanda ya video. Lorraine aliiweka ili baba yake amwone kijana akicheza. Tobias aliketi wima, mikono juu ya fimbo, akitabasamu ndani kwa ndani. Kisha ukumbi mzima, maelfu ya watu asiowajua, ukaanza kupiga miguu sakafuni na kuita kwa sauti moja:

"Kip-kem-boi! Kip-kem-boi!"

Fimbo ikamponyoka.

"Kwa nini wanaita jina hilo?"

"Ndilo lililo kwenye jezi, Baba," Lorraine akasema. "Wakati wa pasipoti waliniuliza jina la ukoo. Nilikuwa sijaolewa, nikachanganyikiwa, nikaandika lile la mwisho la kwenye cheti. Likabaki hilo."

"Nilisema lisitumike."

"Ulisema, Baba. Lakini nani aliniambia kwa nini jina la mtu halifai?"

Kweli, hakuna aliyekuwa amemwambia. Kwao, mtoto akizaliwa, akina mama wazee humtajia majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine, na lile analolipigia chafya huwa ni lake. Lakini lilikuwapo jina moja ambalo halikupaswa kutajwa: Kipkemboi, kaka yake Tobias, aliyekufa kijana, bila mke wala mtoto. Siku ya kuzaliwa kwa Aaron wazee walitaja majina hadi wakachoka, mtoto akawa anawatazama tu. Mama yake Tobias, ambaye macho yalikuwa yamekwisha na akili ikianza kuteleza, akaita kama mtu anayemwita mwanawe aje kula: "Kipkemboi!" Na mtoto akapiga chafya.

Tobias aliamuru abatizwe Aaron. Aliona mambo yamekwisha.

* * *

Nyumba ya Lorraine ilikuwa ghorofa ya tano, na dari yake ilikuwa ya chini. Taa ya sebuleni ilining'inia kwa mnyororo, na kila Aaron alipopita aliigonga kwa kichwa, ikawa inabembea. Mzee aliizoea. Baadaye aliona kwamba nyakati nyingine ilibembea Aaron akiwa darasani.

Mchana, Lorraine akiwa kazini, Tobias aliketi barazani na kusikiliza mpira ukidundwa katika uwanja mdogo ulioko chini, nyuma ya maegesho. Ulidundwa sawasawa, kama saa ya ukutani. Kisha dundo moja likakosekana, mahali pake pakawa kimya, halafu ukaendelea. Alipochungulia, uwanja ulikuwa mtupu na jua limeujaa. Akarudi kuketi. Akajiambia kwamba majengo ya Amerika hurudisha sauti.

Wakala wa Aaron alikuja siku ya Jumapili baada ya ibada. Aliitwa Bwana Pruitt, mtu wa miguu mifupi na sauti nene, aliyemsalimu mzee kwa mikono miwili kama aliyefundishwa ndani ya gari.

"Bwana Mutai," alisema kwa Kiingereza, "mjukuu wako atateuliwa katika raundi ya kwanza. Kwa sasa wananiambia nafasi ya ishirini na kitu. Si Alhamisi hii, ile inayofuata, timu kadhaa zitaleta watu wao College Park, hapa jirani, kumtazama. Akifanya vizuri, tutaingia kumi na tano bora."

"Na wale wanaosema ni mwembamba?"

"Nyama hununuliwa, mzee. Urefu haununuliwi."

Lorraine alicheka. Hata Tobias alicheka. Kisha akauliza, kwa vile alipenda kila jambo lifuatwe kwa utaratibu wake:

"Nilisoma kwamba kuna kambi ambako madaktari huwapima vijana wote. Ataenda lini?"

Bwana Pruitt akatazama chai yake. "Hatuendi. Vijana wakubwa wengi hawaendi. Daktari ukimpa muda wa kutosha lazima atapata kitu, na akipata kitu, timu zote zitajua kabla ya jua kutua. Wacha wamteue kwanza. Muuza gari hafungui boneti mbele ya mnunuzi, sivyo?"

"Kama gari ni zima, huifungua yeye mwenyewe," Tobias akasema.

Aaron, aliyekuwa ameketi sakafuni kwa sababu hapakuwa na kiti cha kumtosha, alimgeukia babu yake akasema haraka, "Kugo, niko sawa. Kweli. Niko fiti kabisa."

Alisema huku mkono wake ukiwa kifuani. Mzee aliuona mkono huo. Aliona pia jinsi ulivyokuwa mrefu: kiwiko kiligusa paja na vidole bado vilifika begani upande wa pili.

* * *

Siku ya uteuzi Aaron angehitaji suti, na hakuna duka katika maduka makubwa ya Wheaton lililokuwa na suti ya mtu kama yeye. Mwenzake Lorraine kazini alimjua fundi cherehani Mkongomani, Venuste, aliyekuwa akiishi Alexandria, ng'ambo ya pili ya Washington, na kushona nguo za harusi za watu wa Bukavu na Burundi. Alikubali kuja Jumamosi.

Tobias alikuwa ametoka kununua dawa ya viatu. Aliporudi alikuta mlango haujafungwa vizuri. Aliusukuma.

Makochi yalikuwa yamesogezwa ukutani. Aaron alikuwa amelazwa chali katikati ya sebule, mikono imenyooshwa ubavuni, macho yamefumbwa. Fundi alikuwa amepiga magoti kichwani pake, ameshika kamba ya katani. Kamba ilipita juu ya paji la uso, juu ya kifua, juu ya magoti, ikaingia katika mlango wa jikoni ambako miguu ya kijana ilikuwa imefika. Ilikuwa imevutwa ikakaza kama uzi wa zeze. Katika sehemu mbili fundi alikuwa amekwisha kupiga fundo, mabegani na kiunoni.

"Simama!" Tobias akapiga kelele. "Simama sasa hivi!"

Kamba ikalegea ghafla, ikaanguka juu ya mwili wa kijana.

Aaron aliruka, akapiga kichwa kwenye taa. "Kugo! What's wrong? Ni vipimo tu!"

"Mtu mzima hapimwi akiwa amelala."

"Shikamoo Muzee," Venuste alisema, akiwa bado amepiga magoti, amechanganyikiwa. "Pardon. Metre yangu ni ya mufupi, inaishia ku magoti. Nikapanda kiti, plafon, hii dari, ikanipiga kichwa. Njo nikamwambia kaka alale, tupime na kamba. Sijue kama ni mubaya."

"Kwetu wanaopimwa wakiwa wamelala ni wale wanaotengenezewa jeneza," Tobias alisema. Mara tu maneno hayo yalipomtoka, akaona aibu. Aliwahi kuwachapa watoto kwa maneno mepesi kuliko hayo.

Fundi alinyanyuka polepole, akajipangusa magoti. "Ata kwetu, Muzee," akasema kwa sauti ya chini. "Ata kwetu vilevile. Nilisahau. Hapa Amerika mutu anasahau."

Alisoma vipimo vyake kwenye kamba, kutoka ncha hadi ncha, akaviandika, akaomba radhi tena. Tobias alimsindikiza hadi kwenye lifti, kwa kuwa mgeni husindikizwa hata ukiwa umemkasirikia. Walipokuwa wakingoja, Venuste aliuliza:

"Na ule kaka yake, Muzee, hatahitaji kustume, suti kama hii?"

"Kaka yupi?"

"Ule mwenye alinishikia kamba upande wa miguu. Murefu vile vile, ata kupita huyu. Alikuwa amesimama pale ku jikoni. Miye nilifikiri ni pacha. Hakusema kitu, alishika tu kamba, akavuta muzuri." Venuste akatabasamu. "Nguo zake zilikuwa za shule, kaputula. Nikasema, hawa vijana wa Amerika, wanavaa namna gani!"

Lifti ikafunguka. Fundi alipokuwa akiingia aliona uso wa mzee, na tabasamu lake likazimika kabla milango haijafungwa.

Ndani, Aaron alikuwa akirudisha makochi. Jikoni hapakuwa na mtu. Birika lilikuwa baridi, dirisha limefungwa. Kamba ilikuwa imebaki sakafuni, fundi aliisahau. Tobias aliikunja akaenda nayo chumbani.

* * *

Miaka mingi nyuma, Tobias alikuwa mtoto akisoma katika shule ya misheni, naye Kipkemboi, kaka yake, akiwa darasa la juu. Kipkemboi alikuwa mrefu kuliko walimu. Mikono yake ilifika magotini, na watoto walimwita "Korongo" kwa upendo. Siku ya michezo aliruka juu, akaivuka kamba ambayo hapakuwa na mwingine aliyeivuka. Akatua, akacheka, kisha akaketi chini kama aliyechoka. Hakuinuka tena.

Mwalimu wa useremala ndiye aliyechonga jeneza, na alimtuma Tobias, kwa kuwa alikuwa ndugu, akampime marehemu katika chumba cha kuhifadhia mahindi. Alimpa kamba, akamwambia apige fundo mabegani na kiunoni na aikate miguuni. Tobias aliingia peke yake. Aliishika kamba kichwani pa kaka yake na kuilaza juu ya mwili, akiwaza jinsi atakavyoweza kuikaza upande wa pili ilhali mikono ni yake miwili tu. Kamba ikakaza. Hakuinua macho kutazama. Alipiga mafundo, akaikata, akatoka nje.

"Nani alikushikia upande wa miguu?" mwalimu akamuuliza, akiiangalia kamba jinsi ilivyopimwa sawasawa. Tobias hakusema kitu, wala hakusema tangu siku hiyo. Alikua, akawa mwalimu, akawafundisha watoto kwamba mambo ya namna hiyo hayapo. Aliwafundisha kwa bidii kubwa kuliko walimu wengine.

Sasa, Wheaton, aliinyoosha kamba ya Venuste juu ya kitanda na kuipima kwa shubiri. Ilimzidi Aaron kwa zaidi ya upana wa kiganja. Alirudia. Ilikuwa vilevile.

Alimwita kijana, akafunga mlango.

"Moyo wako ukoje?"

Aaron alicheka, kisha akaacha. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini alipoongea na babu yake alijitahidi. "Nani amekuambia?"

"Nakuuliza wewe."

"Unaruka kidogo. Saa zingine. Ni kama… mtu anadunda mpira halafu anasahau moja." Akatazama mlango. "Mwezi wa nne nilianguka mazoezini. Nikawaambia sikula asubuhi. Usimwambie Mama."

"Jumatatu utakwenda kwa daktari wa moyo."

"No. Kugo, no. Alhamisi wanakuja watu wa timu! Nikienda hospitali, nimekwisha. Nitapigwa chini hadi raundi ya pili, au hata nisiteuliwe. Unajua nimefanya kazi kiasi gani? Unajua Mama amewaosha wazee wangapi ili mimi nicheze? Baada ya draft nitaenda. Naapa."

"Usiape."

"Basi nipe sababu. Reason moja. Ni kwa vile nililala chini?"

Mzee Tobias alifungua kinywa. Mbele yake alisimama kijana aliyesoma chuo, naye alikuwa mwalimu mkuu aliyestaafu kwa heshima, mwana wa Kimutai, mjukuu wa Kipsigei. Angewezaje kumwambia kwamba mtu aliyezikwa kabla ya Lorraine kuzaliwa alikuwa amesimama jikoni? Angeonekana mzee aliyeanza kuchanganyikiwa, kama mama yake siku ile ya majina. Akaikunja kamba. Aaron alimgusa bega kwa upole, akainama, akatoka. Taa ya sebuleni ikabembea, na ikaendelea kubembea muda mrefu baada ya mlango wa nje kufungwa.

* * *

Alhamisi asubuhi Lorraine aliwaendesha hadi College Park. Ulikuwa ukumbi wa mazoezi usio na watazamaji, wenye sakafu iliyong'aa kama maji yaliyotulia. Watu wa timu, wapatao kumi, walikaa upande mmoja na karatasi zao. Bwana Pruitt alitembea mbele yao kama mwenye mali. Lorraine na baba yake waliketi juu, peke yao.

Aaron alicheza vizuri kuliko katika kanda yoyote. Aliupokea mpira akiwa amekipa kikapu mgongo, akageuka, akaupitisha juu ya kichwa kwa mkono wa kushoto, na wavu ukatoa sauti ya kitambaa kinachochanwa. Alizuia mipira ya vijana wawili waliokodishwa kumsumbua. Mmoja akasema kwa sauti, "Aisee, huyu ana mikono ya kuanikia nguo!" na hata wenye karatasi wakacheka. Lorraine alikuwa akilia kwa furaha bila kujua.

Tobias hakuwa akitazama. Alikuwa akisikiliza mpira. Dun, dun, dun. Dundo moja likakosekana. Dun, dun. Likakosekana tena. Akautazama mkono wa Aaron: mkono haukukosea hata mara moja. Mpira uligonga sakafu kila ulipopaswa kugonga. Kilichokosekana kilikuwa kitu kingine, kilichodunda pamoja nao.

Kisha akamwona. Chini ya kikapu cha upande wa pili, mahali ambapo hapakuwa na mazoezi, alisimama kijana mwembamba mno, peku, amevaa kaputula ya kaki ya shule ya misheni. Kichwa chake kilikaribia wavu. Hakuwa akitazama mpira. Alikuwa amenyoosha mkono mbele, vidole vimekunjwa kama ameshika ncha ya kitu, naye alimtazama Tobias moja kwa moja, kwa subira, kama mwanafunzi anayengoja mwalimu amwambie aachie au avute.

"Kipkemboi Aaron, mara ya mwisho sasa!" Bwana Pruitt akapaza sauti. "Ruka juu kadiri unavyoweza, uguse ubao!"

Kijana akarudi nyuma ili apate mbio.

Mzee Tobias arap Mutai alisimama. Aliteremka ngazi, akaingia sakafuni na viatu vyake vilivyopigwa dawa, na fimbo yake ikagonga mbao. Mtu mmoja akapaza sauti kwamba hairuhusiwi. Hakumsikia. Alisema kwa sauti ile ambayo watoto wa Bureti bado huikumbuka wakiwa na wajukuu:

"Aaron! Weka mpira chini!"

Aaron alisimama, mguu mmoja mbele.

"Baba, unafanya nini?" Lorraine aliita kutoka juu.

"Bwana, toka uwanjani!" Pruitt alikuwa mwekundu. "Ondoka kabla hujamharibia maisha!"

"Nitaondoka naye," Tobias akasema, bila kumtazama. "Aaron. Uliniomba sababu. Kaka yangu aliruka, akatua, akacheka, akafa. Mikono yake ilikuwa kama yako. Nimemwona. Yuko pale nyuma yako sasa hivi, anangoja. Umenisikia? Mimi, Tobias, ninasema nimemwona. Weka mpira chini."

Hakuna aliyeelewa Kiswahili hicho ila watu wawili. Aaron hakugeuka nyuma. Aliutazama uso wa babu yake, uso ambao haukuwahi kusema jambo la namna hiyo maishani mwake, akauweka mpira sakafuni kwa mikono miwili, kama yai. Kisha akaketi. Rangi ilikuwa imemtoka midomoni.

"Kugo," alisema, "unaruka. Haushiki."

Tobias alipiga magoti, akaweka kiganja kwenye kifua cha mjukuu wake. Chini ya kiganja aliusikia ukidunda, ukasahau, ukadunda, ukasahau. Alipoinua macho, chini ya kikapu cha mbali hapakuwa na mtu. Wavu wake ulikuwa ukitikisika.

* * *

Daktari alikuwa mwanamke kijana aliyezungumza taratibu. Alisema mshipa mkuu unaotoka moyoni umetanuka na ukuta wake umekuwa mwembamba kama karatasi. Ni ugonjwa wa kuzaliwa nao, unaofuata damu za watu warefu wenye mikono mirefu. Aliuliza kama kuna ndugu aliyekufa ghafla akiwa kijana. Tobias akajibu kwamba yupo. Akaulizwa alikuwa akifanya nini. Akasema, "Aliruka." Daktari akaiweka kalamu chini, akamwambia Lorraine kwamba kuruka kule kwa mwisho huenda ndiko kungekuwa kwa mwisho kweli.

Walimpasua siku ya pili na kumtilia mshipa mwingine. Hangecheza tena.

Jioni ya uteuzi Aaron aliomba wamwashie televisheni hospitalini. Walitajwa vijana mmoja mmoja, wakapanda jukwaani na kofia mpya. Raundi ya kwanza ikaisha, ya pili ikaisha. Hakuna aliyeita Kipkemboi. Aaron aligeukia ukutani akalia, naye babu yake hakumwambia anyamaze. Aliketi karibu naye, wima, mikono juu ya fimbo, akisikiliza mashine iliyokuwa ikipiga kwa kila dundo la moyo. Haikuruka hata moja.

Aaron aliporudi nyumbani, Venuste alileta suti. Ilikuwa ya buluu iliyokoza, ya mkono wa fundi anayejua kazi yake. Aaron aliivaa ili kumfurahisha. Mikono ya koti ilimfunika vidole. Suruali ilikunjamana sakafuni.

Fundi alizunguka, akapima, akapima tena. Kisha akakaa kwenye kochi, mikono kichwani.

"Nilikata vile kamba ilisema," alinong'ona. "Muzee, ile kamba haikupima huyu."

"Hapana," Tobias akasema. "Haikumpima."

"Nipunguze?"

"Usiipunguze. Shona nyingine ya mjukuu wangu, umpime akiwa amesimama, nitakushikia kiti. Hii nitaichukua mimi. Ina mwenyewe. Alizikwa na kaputula ya shule, hakuwahi kuvaa nguo ya mtu mzima."

Akaenda nayo hadi Bureti ndani ya sanduku, pamoja na ile kamba yenye mafundo. Aliviweka vyote katika udongo, kando ya kaburi la kaka yake, mchana, mbele ya watu, mchungaji akiwa hapo na uso wa mshangao. Kisha akawageukia vijana waliokuwa wamesimama kwenye ua, wengine wakinong'onezana na kuzuia kicheko, warefu wote, mikono ikining'inia, akainua fimbo yake kama siku za shule.

"Nyamazeni, mnisikilize. Ninyi ni damu ya Kipsigei, na miili hii mnayojivunia mmeikuta, hamkuifanya. Kila mmoja wenu ataenda kupimwa moyo kabla mwezi huu haujaisha, nami nitauliza nyumba kwa nyumba. Na siku mzee wenu atakapowaita katikati ya mchezo na kusema weka chini, wekeni chini. Sababu mtaiuliza mkiwa mmeketi. Mmesikia?"

Akangoja mpaka wote wajibu.